Kigeu kimetoka wapi? Somo la chati za Busia

Miaka ya 1990, baadhi ya shule za msingi za eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, zilikuwa na chati za ukutani za kufundishia na nyingine hazikuwa nazo. Wachumi wanne, Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz, walilinganisha alama za mitihani za shule hizo. Zenye chati zilikuwa juu, na si kwa kidogo. Pengo lilifikia hadi asilimia 20 ya kipimo ambacho wanatakwimu hukitumia kueleza alama zilivyotawanyika, kiasi ambacho wizara yoyote ya elimu ingekichangamkia. Wakajiuliza kama pengo hilo linatokana na vifaa vingine, maana shule yenye chati huenda ina vitabu na madawati pia. Wakaviingiza vifaa hivyo kwenye hesabu. Pengo halikupungua.

Tafiti nyingi tunazozisoma zingeishia hapo. Kigeu ni kitu chochote kinachopimwa na kinachoweza kutofautiana: kigeu huru, kinachodhaniwa kuwa chanzo, ni chati; kigeu tegemezi, yaani matokeo, ni alama; vifaa vingine vimedhibitiwa, uhusiano upo na takwimu zinauthibitisha. Sura ya tano, ile ya mapendekezo, ingependekeza serikali inunue chati kwa shule zote.

Watafiti hawa walikuwa na njia ya pili. Zilichukuliwa shule 178, na nusu yake zikachaguliwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, zipewe chati za sayansi, afya na hesabu, pamoja na ramani ya ukutani ya Afrika Mashariki. Baadaye alama zikapimwa. Hakukuwa na ushahidi wowote kwamba chati ziliinua alama. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi wa utafiti maana ya kigeu, hasa mwanafunzi wa ukanda wetu anayezijua shule za aina hiyo kwa macho yake.

Tuyatazame matokeo haya mawili kwa makini, kwa sababu yanaonekana kupingana ilhali hayapingani. Eneo ni lilelile, aina ya shule ni ileile, watoto wanatoka katika kaya zinazofanana. Kilichotofautiana ni njia iliyozifikisha chati darasani. Katika ulinganisho wa kwanza, kila shule yenye chati ilizipata kwa sababu fulani. Huenda ilikuwa na mwalimu mkuu mfuatiliaji, au kamati ya shule inayojua kuchangisha, au wazazi wenye uwezo kidogo, au mfadhili aliyevutiwa na shule ambayo tayari ilikuwa ikifanya vizuri. Sababu kama hizo haziingoji chati ndipo ziinue alama. Mwalimu mkuu anayehangaika hadi chati zipatikane ndiye huyohuyo anayehakikisha walimu wako darasani saa mbili asubuhi. Chati ziliandamana naye, zikapewa sifa ya kazi yake.

Kura iliuvunja uandamano huo. Ilizipeleka chati kwenye shule za walimu wakuu hodari na za walimu wakuu wazembe bila kuwajali, na kwa idadi ya shule kama ile, uhodari na uzembe uligawanyika takriban sawa pande zote mbili. Ndipo chati zikabaki peke yake, na peke yake hazikuwa na cha kuonyesha.

Sasa tuingie katika vyuo vyetu. Tasnifu ya uzamili ya elimu, ya maendeleo ya jamii au ya usimamizi wa biashara huwa na mchoro unaoitwa mfumo dhana. Kushoto kuna visanduku vya vigeu huru, kulia kisanduku cha kigeu tegemezi, wakati mwingine katikati vigeu vya kati, na mishale inatoka kushoto kwenda kulia. Mwanafunzi anapotetea pendekezo lake huulizwa vigeu vyake ni vipi, naye huvitaja bila kukosea. Ni nadra sana kusikia akiulizwa swali linalofuata: kwa nini shule hii, kaya hii au biashara hii ina kiwango hiki cha kigeu chako na ile ina kiwango kingine? Nani aliamua iwe hivyo, lini, na kwa kuangalia nini? Pasipo jibu la maswali hayo, mshale ule ni dai ambalo halijaanza hata kutetewa.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wanafunzi wetu si wavivu. Wanalala katika nyumba za wageni za vijijini, wanatembea na madodoso mkobani, wanatumia akiba zao. Wanachokosa ni kuelekezwa kwamba kazi ya kufikiri kuhusu kigeu inakuja kabla ya dodoso, na kwamba programu ya takwimu, hata iwe mpya kiasi gani, haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

Jibu la kawaida ni kwamba vigeu vingine tumevidhibiti. Tumeweka umri, jinsia, kiwango cha elimu na uzoefu kazini. Lakini unaweza kudhibiti tu kile ulichokipima, na bidii ya mwalimu mkuu haina safu katika jedwali la mtu. Busia inatuonyesha hatari yenyewe: wale wachumi waliviingiza vifaa vingine kwenye hesabu na pengo likasimama palepale, jambo ambalo mtafiti asiye na njia ya pili angelichukua kuwa uthibitisho. Kuna pia kosa la upande wa pili ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu anachunguza kama chakula cha mchana shuleni kinainua ufaulu, halafu anadhibiti mahudhurio. Ikiwa chakula kinainua ufaulu kwa kuwafanya watoto waje shule, basi ameiziba njia aliyokuwa akiitafuta, kisha anaripoti kwamba hakuona kitu. Orodha ndefu ya vigeu vilivyodhibitiwa haimaanishi umakini. Kila kimoja kinadai maelezo: je, kinatangulia kile unachokiita chanzo, au kinakifuata?

Kisha lipo suala la kipimo, ambalo kwangu ndilo linaloharibu tafiti nyingi zaidi kimyakimya. Tunaandika “ufaulu” kana kwamba ni kitu kinachojulikana kama urefu wa mlango. Tukumbuke yaliyotokea Tanzania. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri, zaidi ya nusu ya waliofanya mtihani. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, na Mei mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba matokeo yale yanafutwa na alama zinapangwa upya. Baada ya kupangwa upya, kiwango cha ufaulu kilipanda kutoka kama asilimia 34 hadi kama 43.

Hakuna mtoto aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, maarifa yaleyale yaliyokuwamo vichwani mwa vijana wale mwezi Oktoba 2012. Kilichobadilika ni mstari wa kukatia. Mkulima wa mahindi anaielewa habari hii kuliko mhadhiri: gunia lililofungwa kawaida na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, yote huitwa gunia moja, na anayelinganisha bei za masoko mawili bila kuuliza gunia gani, amelinganisha hewa.

Na mambo hayakuishia hapo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi, kisha mwanzoni mwa 2016 mfumo wa madaraja ukarejeshwa. Mwaka huohuo wa 2016 utekelezaji wa elimu bila malipo ulianza, ukabadilisha nani anaingia darasani na darasa linakuwa na watu wangapi. Mtafiti anayechukua asilimia za ufaulu za mwaka 2010 hadi 2018, akachora mstari, na kuuhusisha na sera fulani au na mafunzo fulani ya walimu, ana kigeu tegemezi ambacho maana yake ilibadilika njiani zaidi ya mara moja. Nambari zipo, jina la safu ni lilelile, lakini kilicho chini ya jina si kilekile. Inampasa aeleze hilo kabla ya kutuonyesha mstari wowote. Akiweza, alinganishe shule kwa shule ndani ya mwaka mmoja, ambapo angalau wote walipimwa kwa kipimo kimoja.

Dodoso nalo lina ugonjwa wake. Walimu wanapewa sentensi ishirini: uongozi wa mkuu wa shule ni shirikishi, nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Kisha kwenye ukurasa unaofuata wanapewa sentensi nyingine: ninaridhika na kazi yangu. Mtafiti anakuta uhusiano mkubwa kati ya uongozi shirikishi na kuridhika na kazi. Lakini kigeu huru na kigeu tegemezi vyote vimetoka kwa mwalimu yuleyule, siku ileile, kwa kalamu ileile. Mwalimu aliyelipwa malimbikizo yake wiki iliyopita ataona kila kitu kizuri, mkuu wa shule akiwemo. Aliyenyimwa uhamisho ataona kila kitu kibaya. Kilichopimwa mara mbili ni hali yake ya moyo. Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa: upande mmoja utoke mahali pengine. Uongozi ukiulizwa kwa walimu, basi matokeo yachukuliwe kwenye daftari la mahudhurio, au uongozi wenyewe upimwe kwa kumbukumbu za vikao.

Wapo wanaosema kwamba jaribio la kura linamaliza yote. Halimalizi. Turudi kwenye shule za eneo lilelile la magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1996 shule kadhaa, kati ya 100 zilizohusika, zilipewa vitabu vya kiada, nazo zilichaguliwa kwa utaratibu huohuo wa haki. Wastani wa alama haukupanda. Aliyesoma wastani peke yake angesema vitabu havina kazi, na hilo lingekuwa kosa kubwa, kwa kuwa watafiti walipowatenga wanafunzi kwa viwango vyao, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walinufaika. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na wengi hawakuweza kuvisoma sawasawa. Hivyo kigeu kinachoitwa “kupewa kitabu” hakikuwa kitu kimoja kwa watoto wote. Kwa mmoja kilikuwa kitabu. Kwa mwenzake wa dawati moja kilikuwa karatasi zenye picha. Jambo hili linatugusa sana sisi tunaofundisha kwa Kiingereza kuanzia sekondari na kisha kushangaa vifaa visipozaa matunda.

Tanzania yenyewe ina mfano wa aina nyingine, na ningependa wanafunzi wa elimu wausome kuliko wanavyosoma vitabu vya mbinu za utafiti vilivyoandikwa mbali. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mradi wa KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kundi la pili halikupewa ruzuku. Badala yake walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu majaribio ya Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote. Uchambuzi ulioongozwa na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao ulichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vyote viwili kwa pamoja viliinua alama waziwazi, tena kuliko jumla ya kila kimoja kikisimama peke yake.

Mtu akichora hili kwa mtindo wa visanduku na mishale, atakwama. Mshale wa ruzuku kwenda kwenye alama una nguvu au hauna? Jibu linategemea kama mwalimu ana sababu ya kuitumia ruzuku hiyo kwa kufundishia. Kigeu kimoja kinafungua mlango wa kingine. Mijadala yetu ya bajeti, pande zote mbili, huwa haina nafasi ya wazo hili: mmoja anasema fedha zaidi, mwingine anasema uwajibikaji zaidi, na kila mmoja anao utafiti wa kumuunga mkono, ambao kwa sehemu yake unaweza kuwa sahihi kabisa. Wangepaswa kuulizana walichunguza kigeu kimoja huku kile kingine kikiwa katika hali gani.

Na kabla hatujatoka Busia, kuna kazi ya dawa za minyoo ambayo Edward Miguel na huyohuyo Kremer waliifanya katika shule 75 kuanzia mwaka 1998. Utoro ulipungua kwa kama robo. Alama za mitihani hazikubadilika. Je, mradi ulifaulu au haukufaulu? Aliyechagua mahudhurio kuwa kigeu tegemezi anasema ndiyo, aliyechagua alama anasema hapana, na wote wanatumia shule zilezile. Isitoshe, watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika pia, kwa sababu wenzao waliacha kuwaambukiza. Kwa hiyo kundi la kulinganishia nalo liliguswa na dawa. Mwaka 2015 data hizo zilichambuliwa upya na wataalamu wengine, na mabishano yakawa makali. Mimi naona mabishano hayo ni ishara ya afya. Yaliwezekana kwa sababu data ziliwekwa wazi, na mtu mwingine aliweza kuona kila kigeu kilivyopimwa na kila uamuzi ulivyofanywa. Tasnifu zetu zikimaliza kupigwa muhuri, data zake huishia kwenye kompyuta ya mwenyewe, na kompyuta ikiharibika hakuna atakayeweza kuuliza lolote tena.

Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na tangu hapo majaribio ya kura yamepata heshima kubwa. Heshima hiyo yanaistahili. Hata hivyo mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura hana fedha za kugawa chati kwa shule 89, na mambo mengi muhimu hayawezi kupigiwa kura: huwezi kuchagua kwa bahati nasibu nani afiwe na mzazi, wala wilaya ipi ikumbwe na ukame. Sioni kwamba hilo ni kisingizio cha kurudi kwenye mishale. Swali la kigeu kimetoka wapi linaweza kuulizwa na mtu asiye na senti tano, na mara nyingi jibu lake linapatikana palepale uwanjani.

Tuchukue mada ambayo wanafunzi wengi huipenda, ile ya chakula cha mchana shuleni na mahudhurio. Katika shule nyingi za Tanzania chakula hicho hutokana na michango ya wazazi, kwa mahindi, maharage au fedha. Shule zenye chakula basi ni shule ambazo wazazi walivuna, walikubaliana, na walikuwa na kamati waliyoiamini. Wazazi wa namna hiyo wangewapeleka watoto shule hata bila uji. Kulinganisha shule zenye chakula na zisizo nacho ni kurudia ulinganisho wa kwanza wa Busia. Lakini zipo shule ambazo chakula kilianza mwaka fulani, kikakatika, kikaanza tena. Zipo ambazo kilikatika kwa sababu ya mavuno mabaya, jambo ambalo lenyewe linapunguza mahudhurio. Na zipo ambazo kilikatika kwa sababu isiyohusiana na uwezo wa wazazi hata kidogo: mpishi alihama, sufuria ziliibwa, mwalimu mkuu mpya hakuelewana na mwenyekiti wa kamati kuhusu ghala. Hizo za mwisho ndizo dhahabu ya mtafiti maskini, kwa kuwa hapo chakula kiliondoka huku wazazi wakiwa walewale, na mahudhurio ya wiki zilizotangulia yanaweza kuwekwa kando ya mahudhurio ya wiki zilizofuata.

Habari hizo hazipatikani kwa kuuliza “je, unakubali kwamba chakula kinaongeza mahudhurio”. Zimo katika mihtasari ya vikao vya kamati ya shule, katika daftari la michango, na katika daftari la mahudhurio linaloitwa kila asubuhi. Msimamizi anayetaka kumsaidia mwanafunzi wake amtume kwanza akasome vitabu hivyo katika shule mbili au tatu, arudi na kurasa chache za maelezo ya jinsi chakula kilivyofika katika kila shule na jinsi kilivyokoma, wakae wazisome pamoja, na mchoro wa visanduku usubiri hadi kurasa hizo ziwe mezani.